Muulize Bibi Shamba: Mji umefika kwenye mpaka wa shamba

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mji unasogea, shamba lifanyweje? Maswali ya viwavi na mbolea nimeyaweka kando hadi toleo lijalo, nafasi yote nimeipa ardhi. Kabla sijastaafu, kazi yangu ilikuwa kuchimba mashimo mashambani, kusoma udongo na kuandika ripoti zilizopelekwa kwa watu wa mipango. Ripoti nyingine zilisomwa kwa wakati, nyingine zilifika tingatinga likiwa limeshapita. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba nina upande katika jambo hili, na upande wangu ni shamba.

*Bibi Shamba, shikamoo. Nina ekari sita ambazo zamani zilikuwa mbali na mji. Majirani watatu wameshauza, na madalali hawaishi kupiga hodi. Mimi sijaamua kuuza. Lakini pia sioni sababu ya kuzibua mfereji wa umwagiliaji wala kupanda miti mipya, maana sijui nitakuwa hapa kwa miaka mingapi. Nifanye nini? (Mkulima wa pembezoni)*

Marahaba, mwanangu. Unasema hujaamua, lakini mfereji wako umeshaamua kwa niaba yako. Mashamba ya pembezoni mwa miji huanza kufa hivyo, miaka mingi kabla ya tofali la kwanza. Mkulima anayehisi kwamba ataondoka haweki mboji, kwa sababu mboji hulipa polepole. Hapandi mti wa kuzaa baada ya miaka mitano. Tuta likibomoka analiacha. Mavuno yakishuka, kushuka huko kunageuka kuwa sababu ya kuuza. Na halifi shamba moja peke yake: muuza pembejeo anaona wateja wanapungua, anahama, fundi wa trekta anamfuata, mnunuzi wa mazao anaona si faida tena kutuma gari kwa mizigo michache. Anayebaki mwisho anakuta hana pa kununua mbegu wala pa kupeleka alichovuna.

Elewa pia kwamba ardhi kama yako ina bei mbili ndani ya bei moja. Moja inatokana na uwezo wa udongo kuzalisha. Nyingine inatokana na matumaini kwamba siku fulani patajengwa. Dalali anayekuja kwako anafuata hayo matumaini, mavuno yako hayamhusu. Basi jiulize: matumaini hayo yamesimama juu ya nini? Nenda ofisi ya mipango uombe kuiona ramani ya mpango kabambe, ule wa matumizi ya ardhi ya mji mzima, kwa macho yako, usikubali kusimuliwa. Angalia eneo lako limepakwa rangi ya matumizi gani, barabara kuu imechorwa wapi, mabomba ya maji yatapita upande upi, na mpango wenyewe unaisha mwaka gani. Mara nyingi utakuta dalali anauza uvumi ambao haupo kwenye karatasi yoyote.

Ukishaiona ramani, kaa na majirani ambao hawajauza. Shamba lililobaki peke yake katikati ya nyumba ni gumu sana kulilinda, ila ekari mia zilizoshikana ni jambo ambalo hata halmashauri italazimika kulizungumzia. Chora mashamba yaliyobaki kwenye karatasi moja, andikeni barua moja, muombe eneo litambuliwe kuwa la kilimo kwa muda wote wa mpango.

Na mfereji uzibue msimu huu huu. Kazi yoyote inayorudisha gharama yake ndani ya misimu miwili au mitatu ifanye hata ukiwa na shaka: mfereji, matuta, samadi. Miti inaweza kusubiri jibu la ramani. Ukiamua kuuza baadaye sitakulaumu, mtu ana watoto na ana madeni. Ila uza kwa kuamua, usiuze kwa sababu shamba limekufia mikononi ukingoja.

*Mama, sisi ni kikundi cha wakulima. Mwekezaji amekuja na mtaalamu wake, wamesema ardhi yetu imechoka na haifai tena kwa kilimo, hivyo ikibadilishwa matumizi hakuna kitakachopotea. Ni kweli mavuno yameshuka. Tuwajibu vipi? (Katibu wa kikundi)*

Katibu, hapa nitakaa kidogo, maana maneno hayo nimeyasikia mno maishani na yameondoa mashamba mengi mazuri.

Kuna ardhi iliyochoka na kuna ardhi isiyofaa. Ardhi isiyofaa ina mipaka ambayo mkulima hawezi kuiondoa, au angeiondoa kwa gharama isiyo na maana: mwamba uko karibu sana na uso, mteremko ni mkali, mawe yamejaa, mafuriko hayaishi, au mvua na joto havitoshi. Ardhi iliyochoka imepungukiwa vitu vinavyorudishika: mboji, virutubisho, chokaa, nafasi za hewa kati ya chembe za udongo. Uingereza wamekuwa wakiipanga ardhi ya kilimo kwa madaraja tangu miaka ya 1960, daraja la 1 hadi la 5, na upimaji wao hauangalii kama mwenye shamba ni hodari au mzembe. Unaangalia mipaka ya kudumu tu. Marekani wana madaraja manane yaliyojengwa juu ya wazo hilohilo. Uzembe au umaskini wa mkulima haushushi daraja la ardhi yake. Mtaalamu wa mwekezaji anajua hili, kwa hiyo mwulizeni ametumia mfumo gani wa madaraja, na shamba lenu ameliweka daraja la ngapi.

Kisha fanyeni upimaji wenu. Chimbeni shimo la kina cha mita moja, pana kiasi cha mtu kushuka na kusimama ndani yake, upande mmoja ukatwe wima kwa sepetu ili muuone ukuta vizuri. Anzieni juu. Tabaka jeusi lina unene gani? Mizizi imeshuka hadi wapi? Mkikuta mizizi imekata kona na kutambaa pembeni kwenye sentimita 20 au 30, gongeni hapo kwa ncha ya kisu. Pakilia pagumu, hilo ni tabaka lililogandamizwa na plau na magurudumu, na linavunjika kwa kulima kina au kwa mimea yenye mzizi mrefu. Rangi moja nyekundu au kahawia inayoshuka bila kubadilika ni habari njema: hewa na maji vinapita. Madoa ya kijivu yaliyochanganyika na ya rangi ya kutu yanaonyesha maji hutuama kwa sehemu ya mwaka, na hapo mtahitaji mitaro. Chukueni udongo kidogo, ulowanisheni, uminyeni kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika mara moja, una mchanga mwingi. Ukitoka mrefu na kung'aa, ni mfinyanzi. Ukitoka mfupi na laini, mna tifutifu, udongo ambao wakulima wengi duniani wangeutamani.

Rudieni hivyo sehemu mbalimbali za shamba, kilele, mteremko na bonde, maana shimo moja halisemi habari ya mashamba yote. Sampuli za juu zipelekwe maabara zipimwe uchachu, mboji, fosforasi na potasiamu. Mkiambiwa uchachu umezidi, dawa yake ni chokaa ya kilimo. Mkiambiwa mboji iko chini, hiyo ni kazi ya misimu kadhaa ya samadi, mabaki ya mazao na mimea ya jamii ya kunde. Sijakutana na maabara iliyoandika kwenye cheti kwamba dawa ya fosforasi pungufu ni kujenga nyumba.

Halafu mwombeni mtaalamu wao atoe ripoti yenye ramani ya mashimo aliyochimba, kina cha kila shimo na majibu ya maabara. Ripoti isiyo na mashimo ni maoni ya aliyelipwa.

Na jueni kinachofuata ardhi ikishaidhinishwa. Udongo wa juu hukwanguliwa kwanza, kwa kuwa ni laini mno kubeba msingi. Hupakiwa kwenye malori, ukauzwa kwingine au ukatupwa pamoja na kifusi. Tabaka la chini linashindiliwa kwa makusudi hadi lisiweze kupitisha maji, na juu yake zege au lami. Viumbe waliokuwa wakiishi humo wanakosa hewa na chakula. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema sentimita 2 hadi 3 za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujengeka. Huo ndio upotevu ambao mwekezaji anasema haupo.

*Dunia ni kubwa. Kwa nini tusiache miji ikue, tukafungue mashamba mapya mbali zaidi? (Msomaji wa siku nyingi)*

Kwa sababu miji haikuanzishwa mahali popote tu. Watu walitulia palipokuwa na maji, uwanda na udongo uliowalisha, na walipozidi wakageuka mji. Mji unapopanuka, unapanuka juu ya kile kilichouzaa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, PNAS, walikadiria kwamba upanuzi wa miji ungechukua kati ya asilimia 1.8 na 2.4 ya ardhi ya mazao ya dunia ifikapo 2030. Mtu anaweza kusema ni kidogo. Lakini ardhi hiyo ina tija karibu mara 1.8 ya wastani wa dunia, na takriban asilimia 80 ya upotevu wote waliuweka Asia na Afrika.

China imejaribu njia unayoipendekeza, tena kwa sheria. Wamejiwekea mstari mwekundu wa mu bilioni 1.8 za ardhi ya kulima (mu ni kipimo chao cha ardhi), yaani hekta milioni 120 hivi, wasishuke chini yake, na anayejenga juu ya shamba anatakiwa afidie kwa shamba jipya lenye ukubwa uleule. Hesabu ya hekta ikawa inatimia. Ila shamba la bonde lenye maji lilifidiwa kwa shamba la mlimani au la nyika kavu, hadi serikali yenyewe ikalazimika kusisitiza kwamba ubora nao uhesabiwe. Na shamba jipya la mbali hukatwa kutoka msitu, malisho au ardhi oevu, ambavyo navyo vilikuwa na kazi yake.

*Bibi, mimi ni kijana, sina nyumba. Kila mtu anataka kulinda shamba, hakuna anayesema sisi tutaishi wapi. (Mpangaji)*

Mjukuu wangu, swali lako ni la haki, na anayelinda mashamba bila kulijibu atashindwa. Nyumba lazima zijengwe. Ninachopinga ni namna zinavyotawanywa.

Tazama Marekani. Taasisi iitwayo American Farmland Trust, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilipima kilichotokea kati ya 2001 na 2016 ikakuta ekari milioni 11 za mashamba na malisho zimepotea au zimeharibiwa kwa ujenzi. Ekari milioni 4 tu ndizo zilizomezwa na miji yenyewe. Karibu milioni 7 ziliharibiwa na nyumba zilizosambaa vijijini, moja hapa, nyingine kule, kila moja na kiwanja kikubwa na barabara yake. Watu wachache walipata makazi, na ardhi iliyobaki katikati ikawa vipande ambavyo trekta haliwezi hata kugeuza. Nyumba hizo hazikumsaidia kijana kama wewe, maana kiwanja kikubwa ni ghali, na kila mita ya bomba na waya hadi mlangoni lazima mtu ailipie.

Ndani ya miji kuna viwanja vilivyoachwa miaka, maghala matupu, maegesho makubwa, nyumba za chini mahali ambapo ghorofa tatu au nne zingetosha bila kumbana mtu. Jengeni hapo kwanza. Mji wa Lexington, Kentucky, hukohuko Marekani, walichora mstari wa huduma za mji mwaka 1958, wakasema maji taka hayatapita nje yake, nia ikiwa kuulinda udongo wa malisho unaouzunguka mji. Katika jimbo la Oregon, kwa sheria ya mwaka 1973, kila mji ulitakiwa uchore mpaka wake wa kukua wenye ardhi ya kutosha mahitaji ya miaka 20. Hilo la miaka 20 ni la muhimu kwako: mpaka haukukusudiwa kuwanyima watu nyumba, ulilazimisha mji upange zitakaa wapi kabla hazijaanza kujipangia. Ufaransa nayo, kwa sheria ya mwaka 2021, imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2050 ardhi inayofunikwa kwa ujenzi isizidi ile inayorudishwa kwenye hali ya asili.

Sasa nakuomba ufike kwenye mikutano ya mipango. Wakulima hufika, wenye viwanja hufika. Wapangaji hawaonekani, na mpango unaandikwa bila sauti yao.

*Mimi ni diwani. Wananchi wanataka tulinde mashamba, wenye ardhi wananiambia nisiwafunge mikono. Ipo njia iliyowahi kufanya kazi mahali popote? (Diwani)*

Mheshimiwa, zipo kadhaa.

Jimbo la British Columbia, Kanada, lilikuwa likipoteza karibu hekta 6,000 za ardhi nzuri kila mwaka. Desemba 1972 serikali ikasimamisha ugawaji wa mashamba, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria iliyotenga akiba ya kilimo ya hekta milioni 4.7 hivi, kiasi cha asilimia 5 ya jimbo, chini ya tume yenye mamlaka ya kukubali au kukataa. Baada ya nusu karne ukubwa wa akiba hiyo umebaki karibu palepale. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya ardhi bora ya kusini, penye joto na miji, ilitolewa, na ardhi ya kaskazini yenye msimu mfupi ikaongezwa. Kwa hiyo mkitunga yenu, andikeni hekta na daraja la udongo pamoja.

Uswisi walianza na swali la tumbo: mipaka ikifungwa, tunahitaji ardhi kiasi gani ili watu wale? Jibu lao la mwaka 1992 lilikuwa hekta 438,460 za ardhi bora ya mazao, na kila kantoni, yaani jimbo lao, ikapewa fungu lake la kulinda. Naipenda hesabu hiyo kuliko zote. Inampa ofisa wa mipango namba ambayo hawezi kuizungusha kwa maneno.

Wenye ardhi wanaokwambia usiwafunge mikono wasikilize kwa makini. Mkulima hana pensheni. Shamba ndilo akiba yake. Ukilifunga bila kumpa kitu, umemtoza yeye peke yake gharama ya faida ya wote. Oregon walilipuuza hilo, na mwaka 2004 wapiga kura wakapitisha sheria iliyowapa wenye ardhi haki ya kulipwa fidia au kuondolewa vizuizi. Madai yakamiminika hata ikabidi wapiga kura waipunguze makali mwaka 2007. Suffolk County, New York, walianza mapema kwa njia nyingine: mwaka 1974 walipitisha mpango wa kununua haki ya kujenga. Mkulima analipwa tofauti kati ya zile bei mbili nilizozitaja juu, anabaki na shamba, analima, anaweza kuliuza au kulirithisha, ila haki ya kujenga imeondoka kwenye hati milele. Montgomery County, Maryland, hawakuwa na fedha za kutosha kwa njia hiyo. Mwaka 1980 walitenga ekari 93,000 za hifadhi ya kilimo, wakaruhusu nyumba moja kwa kila ekari 25, na kumpa mwenye shamba haki moja ya ujenzi kwa kila ekari tano, ambayo anaweza kuiuza kwa mjenzi anayetaka kuongeza nyumba sehemu za mji zilizotengwa. Fedha inatoka kwa mjenzi, inakwenda kwa mkulima, nyumba zinakwenda mjini. Ina masharti yake: bila sehemu za kupokea nyumba hizo, na bila wajenzi wanaozitaka, haki hizo zinabaki karatasi. Kodi nayo isisahaulike. California tangu 1965 wanafunga mkataba na mwenye shamba: shamba libaki shamba kwa miaka 10, mkataba unajiongeza kila mwaka, naye anatozwa kodi kwa thamani ya kilimo badala ya thamani ya viwanja.

Lakini hakuna hata moja kati ya njia hizi inayofanya kazi ikiwa watu wanaamini mstari unaweza kusogezwa kwa kumjua mtu. Ontario, Kanada, walilinda ukanda wa kijani kwa sheria ya mwaka 2005. Desemba 2022 serikali ya jimbo ikatoa ekari 7,400 kati ya takriban milioni 2 ili zijengwe. Agosti 2023 Mkaguzi Mkuu wa jimbo akaripoti kwamba wenye ardhi hizo wangeweza kuona thamani yake ikipanda kwa zaidi ya dola bilioni 8.3 za Kanada, na kwamba mchakato wa kuzichagua uliwapendelea baadhi ya wajenzi. Waziri wa nyumba akajiuzulu, na Septemba waziri mkuu wa jimbo akaomba radhi na kutangaza kwamba ardhi zitarudishwa. Pima hizo bilioni, Mheshimiwa. Udongo haukuongezeka rutuba hata kidogo kati ya siku moja na nyingine. Kilichopanda ni matumaini.

Ndiyo maana kila kibali maalumu unachokitoa kinapandisha matumaini ya kila shamba jirani, na yule mkulima wa barua ya kwanza anaacha kuzibua mfereji wake. Ukichora mstari, andika ndani ya sheria hiyohiyo nani anaweza kuusogeza, baada ya miaka mingapi, kwa ushahidi gani, na kikao kikiwa wazi kwa nani.

*Wazazi wametangulia mbele ya haki, wametuachia shamba ndugu wanne. Mimi nalima, wawili wanataka kuuza, mmoja yuko kimya. Tukigawana, kila kipande kitakuwa kidogo mno. (Dada mkubwa)*

Poleni kwa msiba, dada. Maliza mirathi kwanza. Shamba lililo bado kwa jina la marehemu haliwezi kukodishwa kwa mkataba wa maana, haliwezi kuwekewa ulinzi wowote, na ni rahisi mtu kuliuza mara mbili.

Mwiteni mthamini athamini ardhi hiyo kwa namna mbili, kama shamba na kama viwanja, ili wote wanne mzungumze mkiwa na namba zilezile mezani. Ugomvi mwingi wa ndugu nilioushuhudia ulikua kwa sababu kila mmoja alikuwa na bei yake kichwani. Kisha pendekeza kuwalipa kwa awamu wanaotaka kutoka, au wewe ukodi sehemu zao wote kwa mkataba mrefu uliosajiliwa, wenye kodi inayopitiwa kila baada ya miaka kadhaa. Yule aliye kimya mfuate peke yake, kwa heshima. Mara nyingi aliye kimya anaogopa kuonekana amechukua upande.

Ikibidi sehemu iuzwe, chagueni nyinyi ni ipi. Iwe ya pembeni, yenye udongo mwembamba, karibu na barabara. Msikate katikati, msiuze chanzo cha maji, na njia ya trekta iandikwe kwenye hati. Ulizeni pia sheria ya nchi yenu kuhusu kugawa shamba. Kenya, kwa mfano, inataka idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi kabla ya shamba lililo katika eneo la udhibiti kuuzwa au kugawanywa, na mapatano bila idhini hiyo yanaweza kuwa batili. Na mnunuzi si lazima awe mjenzi. Ufaransa ina vyombo viitwavyo SAFER, vilivyoundwa kwa sheria ya mwaka 1960, vyenye haki ya kununua kwanza shamba linapouzwa na kulipeleka kwa mkulima. Ina pia Terre de Liens, iliyoanza 2003, inayokusanya akiba za wananchi, kununua mashamba na kuyakodisha kwa wanaolima. Kama kwenu hakuna chombo kama hicho, ushirika wa wakulima unaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo.

*Nyumba mpya zimejengwa upande wa juu wa shamba langu. Maji yao ya mvua yananimwagikia, halafu wenyewe wanalalamikia vumbi na harufu ya samadi yangu. (Mkulima aliyetangulia)*

Paa na lami havinywi maji, kwa hiyo mvua ileile iliyokuwa ikizama sasa inashuka kwako yote kwa mara moja. Omba ofisini mchoro wa mitaro uliopitishwa pamoja na kibali cha nyumba hizo. Kama mchoro upo na mtaro haupo, una kesi nyepesi. Kila mvua kubwa piga picha yenye tarehe, pima makorongo yalivyochimbika, andika mazao uliyopoteza.

Kuhusu harufu na vumbi, majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria zinazomkinga mkulima dhidi ya kesi za aina hiyo kwa masharti mbalimbali. Uliza kama kwenu ipo. Hata ikiwapo, zungumza nao. Waambie siku za kumwaga samadi, ifukie siku hiyohiyo, na panda mstari mnene wa miti kwenye mpaka. Malalamiko ya mtaro yaandike mwenyewe, upeleke nakala kwa mjenzi na kwa halmashauri, na uhakikishe kila nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa.